Kisichopotea na Kinachopotezwa

Elimu ya fizikia hufundisha kwamba nishati haiumbwi wala haiangamii. Hugeuka sura tu. Taa iwakayo Mabawa, Tanga, yaweza kuwa na nasaba ndefu. Jua huvukiza bahari, mvuke hurudi kuwa mvua juu ya Kilimanjaro na Meru, na maji huteremka kwa mto Pangani. Kwenye maporomoko, ambako kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, nguvu ya maji huzungusha mitambo, na mzunguko huo huzaa umeme.

Hapo huzuka swali: ikiwa hakuna kipoteacho, israfu ni nini? Aachaye taa ikiwaka katika chumba kitupu ana kosa gani, ilhali hesabu ya nishati haikupungua hata chembe?

Elimu hiyo hiyo yajibu. Mwanga ukishagonga kuta huwa joto hafifu, lililotawanyika, lisilokusanyika tena likafanya kazi. Kiasi kimebaki, manufaa yamekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki, walinena wahenga. Nayo hayakutoka duniani, yametoka mikononi mwa mwenye kiu.

Na mwenye kiu yupo. Maji ya Pangani huhitajiwa na mkulima wa mfereji kule juu, na mitambo katikati, na watu wa mlangoni mwa mto, ambako mto ukipungua chumvi ya bahari hupanda. Basi israfu si kuangamiza kitu. Ni kukigeuza sura isiyomfaa yeyote, na hali yuko aliyekihitaji kabla hakijageuzwa.