Kocha na Amana ya Wazazi

Mwaka 2014 lugha yetu ya Kiswahili ilitajwa mahali ambapo hatukutazamia kuiona, yaani katika taarifa ya uchunguzi juu ya udanganyifu wa masomo katika Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, nchini Marekani. Tuliona uchungu, na baada ya uchungu tukapata la kufikiri. Kwa kuwa jambo lenyewe lahusu malezi ya vijana, na wajibu wa wale wanaokabidhiwa vijana wa watu, twaona yafaa tulizungumze na wasomaji wetu.

Kwanza yatupasa kueleza. Futiboli ya Wamarekani ni mchezo mwingine kabisa na mpira wetu wa miguu. Ni mchezo wa nguvu na wa kuangushana, wenye mpira wa umbo la yai. Timu za vyuo vikuu hushangiliwa huko na watu hata laki moja katika uwanja mmoja. Fedha zake ni nyingi mno, hata katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, akimpita gavana na jaji, ni kocha wa timu ya chuo. Lakini wachezaji wake ni wanafunzi, na kanuni zasema kwamba mwanafunzi asiyepata alama za kutosha darasani haruhusiwi kuingia uwanjani.

Hapo ndipo ulipo mlango wa majaribu. Kocha ataka mchezaji wake acheze Jumamosi. Alama za darasani zaweza kumzuia. Basi kuna njia mbili: kumsaidia kijana asome, au kutafuta alama zisizotokana na kusoma. Njia ya kwanza ni ndefu na ina jasho. Ya pili ni fupi.

Taarifa ile ya mwaka 2014, iliyoandikwa na Bwana Kenneth Wainstein, aliyepata kushika madaraka makubwa katika Wizara ya Sheria ya Marekani, ilieleza kwamba tangu mwaka 1993 hadi 2011 wanafunzi zaidi ya 3,100 wa chuo hicho walipitishwa katika masomo ya makaratasi tu, yasiyo na vipindi wala mwalimu. Mwanafunzi aliandika insha moja, nayo kwa kawaida ilisahihishwa na karani wa idara, aliyetoa alama nzuri pasipo kujali sana kilichoandikwa. Karibu nusu ya wanafunzi hao walikuwa wachezaji wa michezo mbalimbali. Kiswahili nacho kiliingizwa humo. Wachezaji kadhaa walioandikishwa kuwa wanajifunza lugha yetu waliruhusiwa kuandika insha kwa Kiingereza juu ya utamaduni wa Waswahili, badala ya kujifunza lugha yenyewe. Kijana akatoka na cheti kisemacho kwamba amesoma Kiswahili, naye hawezi kumwamkia mzee.

Taarifa yasema kwamba karani yule alisukumwa na huruma kwa wanafunzi waliolemewa na masomo. Twaamini hivyo. Lakini huruma isiyoandamana na ukweli humdhuru yule inayemhurumia. Mwenye njaa hashibi kwa kupewa picha ya mkate.

Tena kuna habari ya Novemba 2009. Karani alikuwa amekwisha kustaafu, na washauri wa masomo wa timu ya futiboli wakaitisha mkutano na makocha. Waliwaonyesha kwa maandishi kwamba zile kozi ambazo mchezaji hakulazimika kuhudhuria, wala kuandika maelezo, wala hata kukaa macho, hazipo tena. Wasomaji waangalie vema jinsi habari ile ilivyoletwa. Haikuletwa kama habari ya aibu iliyofichuliwa. Ililetwa kama habari ya hasara, mithili ya mkulima aambiwaye kwamba kisima kimekauka.

Je, mambo yaliishaje? Oktoba 2017, NCAA, chama kinachotawala michezo ya vyuo vya Marekani, kilitoa hukumu. Chuo kilijitetea kwamba kozi zile zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote, hata wasio wachezaji. Chama kikasema kwamba kanuni zake hazikukipa uwezo wa kuadhibu. Kwa ajili ya kozi zile timu haikupokonywa hata ushindi mmoja.

Sasa tulinganishe na chuo kingine, nacho ni cha Kikatoliki, Chuo Kikuu cha Notre Dame katika jimbo la Indiana. Mwaka 2014 chuo hicho kilishuku kwamba baadhi ya wachezaji walisaidiwa isivyo halali katika kazi zao za masomo. Kiliwaweka kando, kikafanya uchunguzi, na kwa kufuata kanuni zake chenyewe kikazibatilisha alama zilizopatikana kwa hila. Lakini alama zilipoanguka, ilionekana kwamba vijana wale walikuwa wamecheza pasipo haki. Kwa hiyo Novemba 2016 NCAA ikaamuru kwamba ushindi 21 wa miaka ya 2012 na 2013 ufutwe. Chuo kilikata rufani, nacho kikashindwa mwaka 2018.

Basi aliyesahihisha kosa alilipa, na aliyesema kwamba hakuna kosa akaenda zake. Wako watakaocheka na kusema kwamba ukweli haulipi. Sisi twasema kwamba chuo kinachopoteza ushindi 21 kwa sababu kilikataa kuita uongo elimu kimepoteza kitu kidogo, na kimehifadhi kikubwa.

Hata hivyo bado limebaki swali gumu. Siku ile ya hukumu ya Novemba 2016, kocha wa Notre Dame aliulizwa kama yeye ana lawama yoyote. Akajibu kwamba hana hata kidogo. Kwa haki yatupasa kusema kwamba hakushtakiwa kushiriki katika hila ile. Lakini je, asiyeshiriki hana la kujibu? Hapa ndipo tunapotaka kusema neno letu.

Ni desturi ya makocha wa Marekani kumfuata kijana hodari mpaka nyumbani kwao. Kocha huketi sebuleni pamoja na baba na mama, na humo huahidi kwamba atamtunza mtoto wao, na kwamba atarudi kwao akiwa mtu kamili mwenye elimu. Wazazi husikia, huamini, hutoa. Toka siku ile kijana ni amana mikononi mwa yule mtu, na mwenye kupokea amana hawezi kusema baadaye kwamba hakujua ilikokwenda.

Tena, kocha anajua mambo mangapi! Ajua uzito wa kijana kwa kilo, ajua mbio zake kwa sehemu za sekunde, ajua goti lipi lauma wakati wa baridi. Aijuaye miguu ya mtu kwa kiasi hicho, ikiwa hajui anachosoma, ni kwa sababu hakuuliza. Na ikiwa hakuuliza, yatubidi tuulize kwa nini. Kanisa limefundisha siku zote kwamba ujinga wa kujitakia haumwondolei mtu hatia. Mwenye kufumba macho ili asione amekwisha kuona ya kutosha.

Wengine watasema kwamba kocha si mwalimu wa hesabu wala wa lugha. Kazi yake ni kushinda. Kweli, naye huondolewa upesi asiposhinda. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwondoa kocha wake, hali kikibaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 kwa mkataba aliokuwa nao. Twauliza tu: ikiwa chuo chaweza kubeba mzigo wa namna hiyo kwa ajili ya michezo iliyopotea, chashindwaje kumwita kocha aeleze habari za vijana waliopotea darasani?

Wengine watasema kwamba siku hizi wachezaji wanalipwa, maana tangu mwaka 2021 wameruhusiwa kufanya biashara kwa majina yao, na tangu mwaka 2025 vyuo vyaweza kuwalipa moja kwa moja. Hatuna wivu na malipo yao. Mtenda kazi astahili ujira. Lakini kati ya wachezaji mia wa futiboli ya vyuo, hawafiki wawili wanaoingia katika timu kubwa za kulipwa. Wale tisini na wanane watarudi makwao na miili yenye makovu. Fedha za ujana huisha, na goti halirudi. Kitakachowabakia ni kile walichojifunza, kama kweli walijifunza.

Ni kweli kwamba tangu Januari 2023 kanuni za NCAA zamhesabu kocha mkuu kuwa mwenye kujibu makosa ya wasaidizi wake. Hiyo ni hatua njema. Lakini kanuni haitoshi, kwa kuwa mahali ambapo chuo chenyewe chasema kwamba karatasi tupu ni somo, hapana kosa, na pasipo kosa hapana wa kujibu. Ndiyo maana twaona kwamba dawa yaanzia katika swali moja rahisi, ambalo kila kocha angepaswa kuulizwa na wakuu wake kila muhula, mchezaji kwa mchezaji: Kijana huyu anajifunza nini, na nani amemfundisha?

Na wazazi nao waulize, siku ile kocha anapoketi sebuleni mwao. Wasione haya mbele ya jina lake kubwa. Mtoto ni wao, nao hawakumzaa kwa ajili ya Jumamosi.