Ndoano Moja Ina Kosa Gani?

Kuna maswali ambayo mtu aliyesoma falsafa kidogo huyadharau mpaka siku atakapojaribu kuyajibu. Hili ni mojawapo: ndoano moja ina kosa gani?

Lichukue hivi. Mto Ruhuhu unashuka kutoka milimani na kuingia Ziwa Nyasa pale Manda, wilayani Ludewa, ndani ya mkoa wetu wa Njombe. Mvua zinapoujaza, samaki aitwaye mbasa hutoka ziwani na kupanda mto kwenda kutaga kwenye changarawe, mahali penye maji safi yanayokwenda kasi. Ni samaki mrefu wa rangi ya fedha, mkubwa wake hukaribia nusu mita, na hapatikani popote duniani nje ya ziwa hili na mito inayoungana nalo. Wataalamu wamemweka miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka. Sasa mweke mtu mmoja ukingoni. Ana ufito, mshipi wa nailoni, ndoano na chambo. Nyumbani kuna watoto wanne na ugali usio na kitoweo. Mbasa anapita mbele yake, tumbo limejaa mayai. Mwambie aache.

Atakuuliza hilo swali.

Sheria ina jibu fupi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inaruhusu uvuvi kufungwa kwa msimu, kwa eneo, kwa aina ya samaki au kwa aina ya zana. Kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza sumu na baruti. Katika Ziwa Viktoria iliwekwa kanuni kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe, na wa zaidi ya sentimita 85 asivuliwe pia: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kwa hiyo wazo la kuwaambia watu waweke nyavu chini kwa muda si geni kwetu. Lakini sheria hueleza kilichokatazwa tu. Kwa nini mtu huyu mmoja, mwenye ufito mmoja, awe amekosea hata pale ambapo hakuna afisa wa kumwona, hilo haliko kwenye kanuni.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu iko upande wake. Jike mmoja wa mbasa hutaga maelfu ya mayai, na sehemu kubwa ya mayai hayo huliwa au husombwa na maji kabla hayajawa samaki. Ukimwondoa jike mmoja leo, mwakani hakuna mtafiti atakayeona pengo lake. Tunapenda kujibu kwa methali, haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini methali hiyo inatueleza kibaba kilivyojaa. Haituelezi ni punje ipi yenye hatia.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alilishughulikia tatizo hili katika kitabu chake cha mwaka 1984, Reasons and Persons. Kwa kifupi, alisema tunakosea tukiuliza tu tendo langu peke yake limeleta madhara gani. Inatupasa kuuliza pia kama tendo hilo ni sehemu ya matendo mengi ambayo kwa pamoja yanaleta madhara. Darasani jibu hili linaridhisha, na mimi liliniridhisha kwa muhula mzima. Ukingoni mwa mto lina udhaifu. Mtu wa ufito atasema: hao wengine ni akina nani? Mwenye wavu uliofunga mdomo wa mto usiku kucha, akapakia samaki kwenye gari kabla ya mapambazuko, anawekwaje kundi moja na mimi? Ukinijumlisha naye, umenifanya nilipe deni lake.

Nadhani ana haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo naacha hesabu ya samaki, nageukia jirani yake.

Mfikirie huyo jirani. Naye ana watoto, naye hana kitoweo. Kijiji kimekaa, kimekubaliana kwamba wiki hizi mbasa wanapopanda, hakuna atakayevua. Jirani amebaki nyumbani. Ndoano yake iko juu ya dari. Kuna mbasa wa kutosha pale mtoni kwa sababu yeye, na wengine kama yeye, wamejizuia. Yule anayeingia mtoni wakati huo havui samaki tu. Anavua uvumilivu wa mwenzake. Kile kitoweo kinacholiwa nyumbani kwake kimegharimiwa na njaa ya nyumba ya pili. Tunasema mvumilivu hula mbivu, lakini hula mbivu pale tu ambapo mwingine hajapita usiku na kuzichuma.

Hapa ndipo naliona kosa la ndoano moja, na halina uhusiano na idadi ya mayai. Hata kama samaki wasingepungua kwa mmoja, jirani angekuwa ametendewa isivyo haki. Kosa halipungui kwa sababu ufito ni mwembamba.

Lakini ona kilichonibidi kukiweka ndani ya mfano ili ufanye kazi. Nilisema kijiji kimekaa, kimekubaliana. Nilisema jirani naye amejizuia. Ukiondoa vitu hivyo viwili, hoja yangu inaanguka, na amri inabaki amri tu.

Historia ya ufito inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Huko Uingereza, msimu wa kufunga uvuvi wa samaki wa kawaida mitoni, ambao leo ni kati ya 15 Machi na 15 Juni, unatokana na sheria ya mwaka 1878. Sheria ile iliitwa kwa jina la mbunge wa Sheffield, A. J. Mundella, na nyuma yake walikuwapo wavuvi wa ndoano wa mji ule wa viwanda, watu wa kipato cha kawaida waliotaka mito yao ipumzike samaki wanapozaa. Waliobanwa na sheria ndio walioiomba. Kumbuka pia kwamba wengi wao walikuwa na mshahara. Mto ulipofungwa, walikosa starehe ya mwisho wa wiki, hawakukosa mlo.

Sasa njoo huku kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi nchini Kenya, aliingiza trauti kutoka Scotland katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye, wakati wa utawala wa Mwingereza, trauti waliwekwa pia katika vijito vya baridi vya Nyanda za Juu Kusini, upande wa Mufindi na Mbeya. Samaki mgeni aliletwa kwa ajili ya mchezo wa wageni, na pamoja naye zikaja taratibu za leseni na za zana. Mtoto aliyezaliwa kando ya kijito alikuta maji ya babu yake yana samaki asiye wake na masharti ambayo hakuna aliyemuuliza kuyahusu. Huko hakukuwa na jirani aliyejizuia kwa ajili yake. Nani angemlaumu mtoto yule kwa ndoano yake?

Nchi mbili, ufito ule ule, na karatasi zinazofanana kwa sura. Moja ni ahadi ambayo watu walipeana. Nyingine ni uzio. Mwanauchumi Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2009, alitumia maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba watu wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kuitunza bila kunyang'anywa, ikiwa wana sauti katika kutunga taratibu na wanaona kwamba wenzao nao wanazifuata. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wengi wanavijua kwa herufi BMU, vilianzishwa kwenye mialo yetu kwa wazo linalokaribiana na hilo. Kwangu mimi, hapo ndipo swali la maadili linapoanza: je, kikundi kinaketi kweli, au kinaitwa tu kusomewa tarehe?

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba wanaomgusa mbasa ni wavuvi peke yao. Mkoa wa Njombe haukuruhusu kufikiri hivyo. Milima yetu hugawa maji pande tatu. Ruhuji unapita mjini Njombe, unaelekea Kilombero na hatimaye Rufiji. Vijito vya upande wa Wanging'ombe vinaulisha mto Mbarali, ambao unaingia Ruaha Mkuu hadi bwawa la Mtera. Ruhuhu unaelekea Ziwa Nyasa. Mkulima wa viazi au parachichi kwenye mteremko anaweza kumaliza maisha yake bila kushika ndoano, na bado udongo wa shamba lake ukafika mtoni kila masika. Changarawe iliyofunikwa na tope haimfai mbasa, hata kama hakuna aliyemgusa njiani.

Nasi tuna msimu wetu wa kufungiwa, ila wetu hupimwa kwa mita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pita barabara ya kutoka Makambako kwenda Njombe wakati wa kiangazi, utazame mabondeni. Utaona vinyungu vya kijani vimefika hadi kwenye maji.

Mama yangu ana kinyungu kimoja kando ya kijito, nje kidogo ya Makambako. Kijito hicho hakiendi Ruhuhu, lakini swali ni lile lile. Mahindi mabichi na maharage ya bonde lile, yanayoiva wakati mashamba ya juu yamekauka, ndiyo yaliyolipa ada yangu ya sekondari. Likizo iliyopita nilimweleza habari ya mita 60. Alisikiliza huku akipalilia.

"Mita sitini ni hatua ngapi?" akauliza.

Nikamhesabia hadi pale kilimani ulipo mti wa mparachichi.

"Hapo kinyungu changu kimeisha, mwanangu. Na cha mama yako mdogo kimeisha."

"Ndiyo, Mama."

"Na yule mwenye pampu kule juu, naye atatoka?"

Sikuwa na jibu. Aliinama akaendelea. Baadaye, tukipanda kurudi nyumbani, akasema kwamba kama yule wa pampu akitoka kwanza, yeye atatoka siku hiyo hiyo, mradi aonyeshwe pa kulima maharage.

Mama hajasoma Parfit wala Ostrom, lakini katika sentensi ile moja aliweka masharti mawili ambayo mimi nilikuwa nayatafuta. La kwanza, zuio lianze kwa anayechota zaidi. Wavu unaofunga mdomo wa mto utoke kabla ya ufito. Pampu itoke kabla ya jembe. La pili, gharama ya kusubiri igawanywe. Ziwa Tanganyika lilipofungwa, kulizungumzwa ufugaji wa samaki kwenye vizimba kama njia mbadala ya kipato. Sipimi hapa ulifanikiwa kiasi gani. Nasema tu kwamba kuzungumzia njia mbadala ni kukiri kwamba tarehe pekee haitoshi. Kumwambia mtu asubiri miezi mitatu bila kujali atakula nini ni kumtaka agharimie peke yake samaki watakaoliwa na sote.

Sharti la tatu nimeliongeza mwenyewe, na linanihusu mimi na wewe, msomaji, kuliko mvuvi. Makambako ni njia panda. Barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA zinakutana hapo, na barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapo. Samaki hupita pale kama abiria. Wanaowanunua si wenye njaa. Ni watu kama mimi, wenye uwezo wa kuchagua leo maharage na kesho nyama. Tunapojadili msimu wa kufunga, macho yote huelekea kwa aliyeko majini. Mwenye fedha husahaulika, ingawa bila yeye gari lile la alfajiri lisingekuwa na sababu ya kwenda Manda.

Kwa hiyo jibu langu kwa mtu wa ufito ni hili. Kama majirani zako wamekubaliana na wamejizuia, kama mwenye wavu ametolewa kwanza, na kama umesaidiwa kuvuka wiki hizo, basi ndoano yako moja ni kosa, na udogo wake hauitetei. Kama hayo hayapo, nitasita kukuhukumu wewe, na nitawatafuta wengine kwanza. Hiyo haimaanishi mbasa wataongezeka. Wanaweza kuisha tukiwa bado tunabishana ni nani aanze, na huo ndio ubaya wa haki inayochelewa: samaki hawaisubiri.

Ndiyo maana naona aliye na nafasi ya kuanza bila kusubiri mwingine ni yule ambaye kujizuia hakumgharimu mlo. Mimi ni mmoja wao. Mvua zikianza na samaki mrefu wa rangi ya fedha akatokea mezani kwa mchuuzi, nitauliza ametoka wapi na amevuliwa lini. Tumbo likiwa limejaa mayai, nitanunua maharage.