Mwanangu, Wafundishe Kusubiri

Mwanangu, jana nilipita nje ya darasa lako hapa Nyasura, Bunda. Nilikusikia ukiwahimiza wanafunzi: "A, B au C? Haraka!" Najua muhtasari ni mrefu na muhula ni mfupi. Hata hivyo, keti kidogo tuongee.

Swali la kuchagua jibu katika mtihani wa kusikiliza Kiingereza humtega mwenye pupa. Chukua mtihani wa IELTS, ambao vijana wetu huufanya wakitaka kusoma Uingereza au Australia. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40, kwa dakika kama 30, na sauti huchezwa mara moja tu. Mara nyingi majibu yote matatu hutajwa. Msemaji anataka waonane Jumatatu. Mwenzake anapendekeza Jumanne. Mwishowe wanakubaliana Alhamisi. Mwenye haraka ameshazungushia Jumatatu.

Pale stendi ya Bunda, wapiga debe huita Mwanza, Musoma na Tarime kwa pumzi moja. Msafiri hapandi kwa kuwa amesikia jina la kwao. Huuliza kwanza: basi hili linakwenda wapi?

Kuwafundisha kusubiri hivyo, huhitaji redio, mwanangu. Sauti yako inatosha. Andika swali ubaoni, majibu yaache kwanza. Wapigie mstari wanachoulizwa: nani, lini, kwa nini. Soma mazungumzo mara moja, kalamu zikiwa chini. Wajibu kwa maneno yao, hata Kiingereza kikichechemea. Ndipo uandike A, B, C. Kisha waeleze yale mawili mengine yamekosea wapi. Hapo kipindi kitakwenda polepole. Kiache kiende hivyo.

Namkumbuka binti mmoja, kila mara wa mwisho kunyoosha mkono. Wenzake walimcheka. Kumbe alikuwa akingoja msemaji amalize, na mara nyingi alipata. Wanafunzi wako nyumbani husikia Kijita au Kiikizu, mtaani Kiswahili. Kidato cha Kwanza wanakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Sikio lao linahitaji muda.

Swali likiwapita, waliache, wasije wakapoteza na linalofuata. Mwishoni wajaze hata kwa kubahatisha, maana IELTS haukati alama kwa jibu lililokosewa. Nawe kesho ukishauliza, nyamaza kidogo kabla ya kumtaja wa kujibu.