Kodi ya Nyumba na Amri ya Saba

Mara nyingi sisi mapadre huletewa mashauri ya kodi ya nyumba, na wenye kugombana ni Wakristo wa parokia moja. Mpangaji, fundi wa kushona, amehama akidaiwa kodi ya miezi miwili na kioo alichokivunja. Mwenye nyumba ameizuia cherehani yake.

Twasema wazi kwamba kuizuia si haki. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mwenye kudai amekatazwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa ili atwae rehani. Sharti angoje nje. Tena, mawe ya kusagia yasishikwe rehani kamwe, maana ndiyo riziki ya mtu. Na cherehani ya fundi ni nini, kama si mawe yake ya kusagia?

Lakini mpangaji naye asishangilie. Wako wanaodhani kwamba wakiisha kuungama, deni limekwisha! Padre humwondolea mtu dhambi kwa uwezo wa Kristo, bali hawezi kumsamehe mali ya mwingine. Kioo na kilipwe, hata kama mwenye nyumba ni tajiri. Ila rangi iliyopauka na bawaba zilizoliwa na kutu asitozwe: huo ni uchakavu, nao umo katika kodi.

Basi, kabla ya kwenda mahakamani, waikague nyumba pamoja, chumba kwa chumba, mbele ya wazee wawili wa jumuiya. Cherehani irudishwe siku hiyo hiyo, na deni lilipwe kidogo kidogo, kwa tarehe zilizoandikwa na kutiwa saini na wote wawili.