Mkuki wa Sauli na Kumbukumbu ya Hasira

Masomo: 1 Samweli 18:6-11, 19:1-7, 22:6-19



Mara nyingi tunahubiri juu ya mkono unaopiga. Leo tunataka kuhubiri juu ya kitu kinachoutangulia mkono, ni kusema kumbukumbu. Kabla mtu hajainua fimbo, amekwisha kukaa siku nyingi akikumbuka moyoni. Basi tujiulize: yale anayoyakumbuka, yote ni kweli?

Tumwangalie mfalme Sauli. Siku jeshi liliporudi vitani, wanawake waliimba, na katika wimbo wao sifa za Daudi zikazidi sifa za mfalme. Wimbo ulikwisha siku ileile, lakini ndani ya Sauli haukukwisha. Tangu hapo alimwonea Daudi wivu, na kesho yake akamtupia mkuki. Baadaye tunamkuta Gibea, ameketi chini ya mti, mkuki ungali mkononi. Anawaambia watumishi wake kwamba mwana wake Yonathani ndiye aliyemchochea Daudi amvizie. Jambo hilo halikuwako hata kidogo! Lakini Sauli alilisema kama mtu aliyeliona kwa macho. Siku hiyo makuhani 85 waliuawa, na mji wao wa Nobu ukapigwa, hata watoto wanyonyao. Tazameni wimbo mmoja ulivyozaa makaburi.

Wataalamu wa nafsi ya mtu wamepima jambo hili. Katika mwaka wa 1974, huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yaliyogongana. Wengine waliulizwa magari yalikwenda mbio gani yalipogongana. Wengine waliulizwa hivyohivyo, lakini kwa neno kali zaidi, la kupondana. Baada ya juma moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika watu 50 waliosikia neno la kugongana, 7 walisema ndiyo. Katika 50 waliosikia neno kali, 16 walisema ndiyo. Na katika filamu ile hakukuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika! Neno moja tu la muulizaji liliingia katika kumbukumbu, likaketi humo kama mwenyeji.

Ndugu, mambo haya yako mbali nasi? La. Yako nyumbani mwetu. Kifo kimeingia katika jamaa. Watu wameketi kwenye kilio, roho zinauma. Mmoja anauliza: « Hamkumbuki siku ile mtoto huyu alipokataa kula? » Mwingine anajibu: « Ndiyo, tena usiku anasema peke yake. » Kila mtu anaongeza lake. Kunapokucha, kukojoa kitandani, ndoto mbaya na sahani iliyovunjika vimekwisha kuwa ulozi. Kisha mtoto anaulizwa mara moja, mara mbili, mara kumi, kwa njaa na kwa fimbo, mpaka naye « anakumbuka » kwamba alimla baba yake mdogo usiku. Na sisi tunapiga kelele: « Ameungama mwenyewe! »

Hakuungama. Tumemtia maneno yetu kinywani. Na mara nyingi ni nani huyo? Ni yatima, asiye na mama wa kumsemea. Ama ni bibi kizee ambaye moshi wa jikoni umemfanya macho mekundu.

Kanisa letu linaamini kwamba Roho husema. Lakini Mtume Paulo aliagiza kwamba nabii akisema, wengine wapime (1 Wakorintho 14:29). Nayo Torati haikukubali shahidi mmoja. Ilidai wawili au watatu, na waamuzi wachunguze sana (Kumbukumbu la Torati 19:15-18). Hata sheria ya inchi yetu imesema. Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu. Itakuwa haya kubwa kama serikali inamlinda mtoto na nyumba ya Mungu inamfukuza.

Basi tufanye nini?

1. Tuwe Yonathani. Alimwendea baba yake akamkumbusha ukweli: Daudi alihatarisha maisha yake mbele ya Mfilisti, nawe uliona ukafurahi. Sauli akasikia, akaapa kutomwua. Wakati ule damu haikumwagika, kwa sababu mtu mmoja alirudisha kumbukumbu ya kweli. Kila jamaa inahitaji mtu wa kuuliza: « Uliona wewe, ama ulisikia kwenye kilio? »

2. Tusiilishe hasira. Wengine husema: mwache apige kelele, apige kitu, roho itapoa. Katika mwaka wa 2002 Brad Bushman alipima jambo hilo kwa wanafunzi 600 waliokasirishwa. Waliopiga mfuko wa ngumi wakimwaza aliyewakosea walizidi hasira na ukali; waliokaa kimya tu ndio waliokuwa na ukali mdogo kuliko wote. Anayekesha akitaja jina la adui na kupiga ngumi hewani asizani anapoa. Anachochea moto.

3. Tusimwulize mtoto swali lenye jibu ndani yake. Kwanza ale, alale. Kisha tumwulize, « Kulitokea nini? », na tunyamaze.

Lakini hatusemi kwamba mwenye kidonda asahau. Waliotendewa uovu katika vita za inchi hii waseme, nasi tuwasikilize mpaka mwisho. Hili tunalolifundisha lisiwe kitambaa cha kuwafunga kinywa. Ni fimbo ndiyo tunayoizuia, si ushuhuda.

Bwana Yesu aliuawa kwa ushahidi wa uongo, naye alituachia ukumbusho. Ukumbusho huo si mkuki, ni chakula mezani. Kwa hiyo, kama kuna mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwako, usingoje Jumapili. Nenda umtafute leo, umrudishe, umpe sahani yake.

Mungu atusafishe mioyo na kumbukumbu zetu. Amina.