Fundi Ana Deni kwa Nani?

Angalia batani za mashine yoyote iliyozeeka kiwandani, utajua kazi imefanywa wapi. Ile ya kuwasha imefutika maandishi yote. Zile zisizotumika bado zinang'aa. Plastiki huisha pale kidole kinapotua, na mara nyingi kidole hicho si cha mwenye mashine.

Batani zikichoka, fundi huitwa. Mdosi anataka kitu kimoja: mashine iwake leo. Paneli mpya huagizwa ng'ambo, bei yake inauma, na kila siku ya kungoja ni hasara. Basi fundi anafungua. Kwenye paneli za raba, chini ya kila batani kuna kidonge cheusi cha kaboni. Ukibonyeza, kinagusa saketi na umeme unapita. Kidonge kikiisha, au grisi ikiingia, unabonyeza mara tatu ndio mashine isikie. Fundi anapangusa kwa spiriti, anabandika kidonge kingine, anafunga. Hiyo ni kazi safi. Kutupa paneli nzima kwa sababu ya kidonge kimoja ni ubadhirifu.

Swali gumu liko kwenye batani ya kusimamisha.

Unaijua: nyekundu, kichwa kama uyoga, nyuma yake rangi ya manjano. Mashine ikifanya kazi, umeme hupita ndani ya batani hiyo muda wote. Kuibonyeza ni kuukata. Kwa hivyo hata waya wake ukikatika wenyewe, mashine inasimama. Aliyebuni mpango huu alikubali kwamba kila kitu kitaharibika siku moja, akachagua kiharibike upande gani.

Sasa batani hiyo ikichoka, mashine inakataa kuwaka. Dawa ya haraka mafundi wanaijua: unga nyaya mbili, ruka batani. Mashine inanguruma, mdosi anatuma pesa kwa simu, kila mtu anaenda zake. Batani bado iko pale, nyekundu kama kawaida, lakini sasa ni pambo tu.

Kuna watakaosema fundi hana kosa. Mali si yake, ameagizwa, na ana kodi ya nyumba. Akikataa, ataitwa mwingine kabla ya saa sita. Hoja hiyo ina uzito, tusiidharau. Lakini mdosi anaweza kununua kazi ya fundi. Hawezi kumuuzia hatari ya vidole vya mtu mwingine, kwa sababu vidole si vyake. Dada wa shifti ya usiku hakuulizwa. Yeye atakuja, ataiona ile nyekundu, na ataiamini.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake. Ila wakati nyaya zinaungwa, mkaguzi hayupo. Aliyepo ni fundi na bisibisi yake. Anayejua ndiye mwenye deni, na deni lake ni kwa atakayebonyeza, hata kama anayelipa ni mwingine.

Mara nyingi kinachotakiwa ni kubadilisha kontakti za nyuma ya batani, kazi ya dakika chache kipuri kikiwepo. Kisipokuwepo, mashine ilale. Mdosi atakasirika, na fundi huenda akapoteza mteja. Hasara hiyo inaweza kurudishwa. Mkono hauna kipuri.