Ar-Razzaq Ni Mmoja



Huko China, siku ya 5 ya mwaka mpya wa jadi, wafanyabiashara wengi humkaribisha Caishen, wanayemwita mungu wa mali. Hulipua fataki, huwasha ubani, kisha hufungua maduka. Wengine huweka dukani sanamu ya Guan Yu, jemadari aliyeuawa takriban mwaka 220, aliyesifika kwa uaminifu, ili awalindie biashara.

Sisi tunasema: Laa ilaaha illallah. Jemadari aliyekufa hagawi riziki. Lakini kabla hatujawacheka, nawauliza: hirizi iliyofichwa kwenye droo ya pesa ya Muislamu ina tofauti gani na sanamu ile? Na aya iliyotundikwa ukutani itamfaa nini anayepunja mizani chini yake?

Wao siku hiyo huamka mapema kwa ajili ya Caishen. Ar-Razzaq anatuita kila alfajiri. Wangapi wetu huvuta blanketi?

Vijana wenzangu mnaoanza biashara ndogondogo hapa chuoni, muombeni Allah peke Yake, pimeni kwa haki, lipeni madeni. Baraka iko hapo.

Wabillahi tawfiq.